Juu ya Kupima Mbio za Mitumbwi

Yapo maneno mawili ambayo mtangazaji wa mashindano ya vyombo vya baharini akiyatamka, mimi huacha kumsikiliza. La kwanza ni "rekodi". La pili ni "mwendo wa umeme". Hilo la pili namsamehe, kwa kuwa mwenye kipaza sauti hana budi kusema kitu. Lakini la kwanza ni dai la hesabu, na dai la hesabu lina masharti yake.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kutazama mashindano ya mitumbwi ya makafi katika kijiji kimoja cha pwani yetu, kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu walinipokea kwa heshima na kunilisha vizuri. Washindi walipogusa mchanga ilitangazwa kwamba wamevunja rekodi ya mwaka uliotangulia kwa zaidi ya dakika nzima. Watu walishangilia, nami nilipiga makofi. Kisha, kwa ugonjwa wangu wa ualimu ambao kustaafu hakukuuponya, nilimwendea mwamuzi nikamwuliza njia ya mashindano ina urefu gani. Akasema, "Mpaka kule kwenye boya na kurudi, Mzee." Na mwaka jana boya lilikuwa wapi? "Pale pale, au karibu na pale." Na maji mwaka jana yalikuwa yanajaa au yanapwa? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya kanzu aliyovaa babu yake siku ya harusi. Akacheka, nami nikacheka, tukaachana kwa wema.

Nimeandika insha hii kwa sababu kicheko changu siku ile hakikuwa cha haki. Kosa la yule mwamuzi nimewahi kulifanya mimi, tena kubwa kuliko lake, na mimi nilikuwa nimesomea hisabati.

Kabla ya kufika huko niwajibu kwanza wazee wenzangu wa barazani. Nakaa Ngamiani, mahali ambapo barabara zinajulikana kwa namba, na mgeni akiambiwa barabara ya ngapi hufika bila kuuliza mara mbili. Ungedhani watu wanaoishi ndani ya namba wangezipenda. La hasha. Jioni moja, kahawa ikiwa inazunguka, nilieleza kwamba mashindano yetu ya mitumbwi na ngalawa yangepaswa kupimwa vizuri, na mzee mmoja akanikata kauli: vipimo ni mambo ya Wazungu, sisi watu wa pwani tunatumia jicho. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Jicho nitalirudia, maana lina thamani yake. Lakini hilo la Wazungu si kweli. Waliotutangulia katika bahari hii walipima kila kitu kilichopimika. Kina cha maji walikipima kwa bildi, na wakakitaja kwa pima. Mwendo wa chombo waliujua kwa batli, na neno hilo limo katika kamusi za Kiswahili za zamani hata kama leo vijana wa bandarini hawalijui. Hata neno "zamu", ambalo leo tunalitumia kwa wauguzi na walinzi wa usiku, lina harufu ya chumvi. Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 15, aliyeielezea bahari hii yote mpaka pwani yetu, aliugawa usiku na mchana katika zam 8, kila moja saa 3, na neno hilo hilo likawa kipimo cha umbali: mwendo wa chombo katika muda huo. Mtu anayepima umbali kwa muda ameshafikiri juu ya mwendo, atake asitake.

Na hiyo batli ni chombo cha akili nyingi kuliko kinavyoonekana. Kibao kinafungwa kamba, kinatupwa nyuma ya tezi, kinasimama majini, na kamba inaachiwa ikimbie mkononi. Katika kamba pamefungwa mafundo, na baharia anahesabu mafundo mangapi yamepita kabla kichupa cha mchanga hakijamwagika chote. Waingereza walipoitengeneza vizuri waliweka mafundo umbali wa futi 47 na inchi 3, na mchanga wa sekunde 28. Ukipiga hesabu utaona kwamba fundo moja ni sawa na maili moja ya bahari kwa saa, nayo maili hiyo leo ni mita 1,852. Ndiyo maana mpaka sasa meli kubwa zinazoingia bandari ya Tanga mwendo wao hutajwa kwa mafundo, ingawa hakuna aliyeshika kamba.

Naomba msomaji alitie akilini jambo moja kuhusu kibao kile, kwa sababu insha yote hii inakiegemea. Kibao kinasimama majini. Hakisimami ardhini. Kama maji yenyewe yanakwenda, kibao kinakwenda nayo. Kwa hiyo batli haimwambii nahodha ameisogelea Pemba kwa kiasi gani. Inamwambia chombo chake kinayakata maji kwa kasi gani. Hayo ni mambo mawili tofauti, na karibu makosa yote ya kupima mbio za vyombo yanatokana na kuyachanganya.

Wenzetu wanaopiga makasia kwa ajili ya michezo wamelijua hili kwa muda mrefu. Katika Olimpiki njia ya makasia ni mita 2,000, maji ya ziwa au bwawa, mistari imenyooka na kila chombo kina njia yake. Saa zao zinasoma mpaka sehemu za sekunde. Ungedhani hapo ndipo mahali pa rekodi. Lakini shirikisho lao la dunia halisemi rekodi. Linasema muda bora. Sababu yake ni upepo na maji. Upepo wa nyuma ukivuma siku nzima, watu wa kawaida watapata muda ambao mabingwa hawakuupata siku ya upepo wa mbele. Mwaka 2017, huko Poznan nchini Poland, chombo cha Wajerumani cha wapiga makasia 8 kilimaliza mita 2,000 kwa dakika 5, sekunde 18 na nukta 68. Hiyo ni zaidi kidogo ya mita 6 na robo kila sekunde. Hata hapo waliandika muda bora, wakaacha neno rekodi kwa wanaokimbia juu ya ardhi isiyosogea.

Sasa linganisha na mashindano ya Oxford na Cambridge katika mto Thames, yaliyoanza mwaka 1829. Njia yao ni kilomita 6 na mita 800 hivi, zaidi ya mara tatu ya njia ya Olimpiki. Mwaka 1998 Cambridge walimaliza kwa dakika 16 na sekunde 19. Gawanya, utapata karibu mita 6.9 kila sekunde. Yaani wanafunzi wale, katika njia ndefu mara tatu, walikwenda kwa kasi kuliko Wajerumani wale katika njia fupi! Mwalimu wa hisabati asiyejua bahari angeandika ubaoni kwamba Cambridge ni bora kuliko Ujerumani. Lakini Thames pale London ni mto unaojaa na kupwa kama hori zetu, na mashindano hupangwa makusudi maji yakiwa yanajaa, vyombo vikibebwa kwenda juu. Wanaoshika usukani hugombania katikati ya mto, mahali mkondo ulipo na nguvu. Sehemu kubwa ya kasi ile ilitoka kwa mwezi.

Kwa ajili hiyo mashindano yenye busara zaidi ni yale yanayoiacha saa nyumbani. Huko Buganda koo hushindana kwa mitumbwi mirefu mbele ya Kabaka, na kule Mwanza mashindano ya mitumbwi ya Balimi yalikusanya wapiga makafi wa kanda nzima ya ziwa. Huko wote huondoka pamoja, katika maji yale yale na upepo ule ule, na wa kwanza kufika ni wa kwanza. Hakuna wa kubishana naye. Shida huanza vyombo vinapokuwa vichache kuliko watu, ndipo saa inapoombwa kuwa hakimu.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu mwaka 1974.

Nilikuwa kijana wa miaka 26, mkufunzi wa hisabati katika chuo kimoja cha ualimu cha pwani, na kwa sababu ya ujana wangu nikapewa pia michezo. Sabasaba ya mwaka ule TANU ilikuwa inatimiza miaka 20, na kila taasisi ilitakiwa kupeleka kitu. Wengine walipeleka ngoma, wengine gwaride. Sisi tulikuwa karibu na hori la bahari, na wanafunzi wetu wengi walikuwa watoto wa wavuvi, basi nikaamua tupeleke timu ya makafi, watu wanne katika mtumbwi mmoja. Vikundi viwili vilijitokeza. Kimoja kilikuwa cha vijana wenye miili mikubwa, wachezaji wa mpira, na wawili kati yao walikuwa wa bara ambao bahari waliiona mara ya kwanza walipokuja chuoni. Kingine kilikuwa cha watoto wa pwani, wembamba, wakiongozwa na kijana mmoja mpole aliyekaa tezi na kuongoza kwa kafi.

Mtumbwi tulioazima ulikuwa mmoja. Nilijisifu moyoni kwa jinsi nilivyolipanga jambo lile kisayansi. Niliipima njia kwa kamba, mita 600 kutoka gatini mpaka kwenye mti tuliousimika ndani ya hori, kwenda na kurudi jumla mita 1,200. Mtumbwi ule ule, makafi yale yale, njia ile ile, saa ile ile, na mpimaji ni mimi mwenyewe. Nini tena kingeweza kutofautiana isipokuwa watu?

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Juni. Kundi la kwanza liliondoka saa nne na nusu asubuhi, likarudi kwa dakika 10 na sekunde 6. Mwenye mtumbwi akauomba kidogo akaangalie mtego wake, akakaa huko mpaka saa saba mchana. Kundi la pili likaondoka, likarudi kwa dakika 10 na sekunde 19. Sekunde 13 nyuma. Nikatangaza washindi hapo hapo.

Yule kijana wa tezi alinifuata, kafi mkononi, jasho linamtiririka. Akasema, "Samahani Mwalimu, maji tuliyopiga sisi siyo waliyopiga wenzetu. Wao maji yalikuwa yamesimama. Sisi yalikuwa yanajaa."

Nikamwambia, mbele ya wenzake, kwa sauti ile tunayoitumia walimu tunapotaka darasa zima licheke na mtu mmoja, kwamba hajasoma hesabu vizuri. Maji yakijaa, kwenda mlisukumwa, kurudi mlizuiwa. Mlichopewa ndicho mlichonyang'anywa. Kutoa na kujumlisha namba ile ile, jibu lake ni nini? Darasa likaitikia, "Sifuri!" Akasema tena, taratibu, "Haifutani, Mwalimu." Hakuweza kueleza kwa nini, akarudi nyuma.

Kama ingeishia hapo ningeandika leo kama kichekesho cha ujana. Lakini siku zile katika ripoti ya mwanafunzi palikuwa na nafasi ya tabia, nami mwisho wa mwaka nikamwandikia kwamba ni mbishi na hapendi kukubali matokeo. Ripoti ilisomwa na waliokuwa wakiwapanga walimu wapya. Aliisoma na yeye, kwa kuwa ilimbidi aitie sahihi. Aliitia bila neno.

Basi tuifanye hesabu ambayo sikuifanya. Chukua kundi linalopiga mita 2 kila sekunde katika maji yaliyosimama. Mita 600 kwenda ni dakika 5, kurudi dakika 5, jumla 10. Sasa weka mkondo wa nusu mita pungufu kidogo, tuseme sentimita 40 kila sekunde. Kwenda wanasafiri mita 2.4 kila sekunde, wanamaliza kwa dakika 4 na sekunde 10. Kurudi wanasafiri mita 1.6, wanamaliza kwa dakika 6 na sekunde 15. Jumla dakika 10 na sekunde 25. Watu ni wale wale, nguvu ni ile ile, na sekunde 25 zimepotea. Zimekwenda wapi? Zimekwenda katika jambo ambalo mtoto wa mvuvi analijua mgongoni mwake: msaada wa maji unaupata kwa muda mfupi, kwa sababu unakufikisha upesi, kizuizi unakaa nacho muda mrefu, kwa sababu kinakuchelewesha. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini marejeo hayo hayagharimu sawa na kwenda.

Kuna aibu ya ziada. Kwa miaka mingi nilifundisha mafumbo ya namna hii darasani: mtu amekwenda mjini kwa baiskeli kwa mwendo huu, akarudi kwa mwendo ule, tafuta wastani. Kila mwaka niliwaonya wanafunzi wasijumlishe na kugawa kwa mbili. Nililijua jibu katika barabara ya Muheza, sikulijua katika hori lililokuwa mita mia kutoka dirishani kwangu.

Kilichonirudisha kwenye jambo hili ni simu ya mjukuu wangu. Alikuja likizo akaniambia, "Babu, siku hizi simu inapima mwendo wa kitu chochote." Tukaenda kwa baiskeli mpaka Deep Sea, tukamwomba mvuvi mmoja, mzee kuliko mimi, atuzungushe. Simu ikasema kilomita 8 kwa saa, kisha 9. Mjukuu akafurahi. Nikamwambia mvuvi apumzishe kafi. Mtumbwi ukatulia, maji ubavuni yakanyamaza kabisa, na simu ikaendelea kusema kwamba tunakwenda, kilomita moja na kitu kwa saa. Mjukuu akaitikisa akidhani imeharibika. Haikuharibika. Simu inasikiliza setilaiti, na kwa hizo inapima mwendo wetu juu ya ardhi. Ilikuwa inatupa sifa ya mkondo.

Yule mzee akauliza tunatafuta nini. Nilipomweleza, akaokota kipande cha kumbi la nazi ngamani, akakirusha majini mbele kabisa, usawa wa omo, akaanza kupiga kafi huku akihesabu mpaka kumbi lilipofika usawa wa tezi. Mtumbwi wake una mita 7 hivi. Kumbi lilichukua kati ya sekunde 3 na 4. Gawanya: karibu mita 2 kila sekunde, na hiyo ni kasi ya chombo ndani ya maji, mkondo haumo. Ni batli isiyo na kamba wala mafundo. Mzee alisema ndivyo alivyofundishwa kujua kama mtumbwi mpya umechongwa vizuri au mzito. Simu ya mjukuu wangu ilinunuliwa kwa mshahara wa miezi. Kumbi lilikuwa takataka. Kwa swali nililokuwa nalo, kumbi ndilo lililojibu.

Sisemi simu itupwe. Ukiwa na vyote viwili, ukiondoa cha kumbi katika cha simu, kinachobaki ni mkondo wenyewe, na hilo ni jambo zuri kulijua. Makocha wa makasia wa nchi tajiri hufanya hivyo hivyo kwa vyombo vya gharama. Wana kifeni kidogo chini ya chombo kinachozungushwa na maji, na juu wana kipokezi cha setilaiti. Wanahesabu pia mapigo kwa dakika, na hapa mtu yeyote mwenye saa anaweza kuwaiga. Nimekaa Raskazone asubuhi nyingi nikihesabu makafi. Mvuvi anayepiga makafi 50 kwa dakika na kusafiri mita 120 katika dakika hiyo, kila pigo limempa mita 2.4. Kijana wake anapiga makafi 60, povu jingi, anakwenda mwendo ule ule. Pigo lake limempa mita 2 tu. Hapo ndipo jicho la wazee wa baraza linapopata heshima yake, kwa sababu nahodha mzuri huiona tofauti hiyo bila saa: anatazama kama makafi yanaingia pamoja, kama omo linainama na kuinuka kila pigo, kama nyuma maji yanafunga kimya au yanachafuka. Jicho linajua nani anapoteza nguvu. Lisichoweza kujua ni sekunde 11.

Nasema 11 kwa sababu ndizo nilizozipata. Mwaka juzi nilirudi kwenye lile hori pamoja na mjukuu, siku mbili baada ya mwezi kuandama, saa saba mchana. Ile Jumamosi ya mwaka 1974 nayo ilikuwa siku mbili baada ya mwezi kuandama, yaani bamvua, maji yenye nguvu. Saa nne na nusu yalikuwa yamekupwa na kusimama, na saa saba yalikuwa katikati ya kujaa. Haya yote yangeonekana katika jedwali la maji, au kwa kumuuliza mpishi wa chuo. Tulisimika vijiti viwili umbali wa mita 60, tukatupa kumbi, tukangoja. Lilipita kwa dakika 2 na nusu. Sentimita 40 kila sekunde. Najua mkondo wa juzi si ule wa 1974; mikoko imekatwa na mchanga umehama. Lakini nikauchukua huo, nikakaa mezani. Kundi lililorudi kwa dakika 10 na sekunde 19 katika mkondo ule, katika maji yaliyosimama lingemaliza kwa dakika 9 na sekunde 55. Wenzao walikuwa na 10 na 6.

Na sekunde 11 si chache kama zinavyosikika. Maji hukataa kusukumwa haraka: ukitaka kuongeza mwendo wa chombo kwa sehemu 10 katika mia, nguvu inayotakiwa huongezeka kwa sehemu 33, kwa sababu inakua kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kwa hesabu hiyo vijana wale wembamba walikuwa wanatoa nguvu karibu sehemu 6 katika mia zaidi ya wale wachezaji wa mpira. Nao ndio waliobaki chuoni siku ya Sabasaba.

Ubaya wa namba yangu ya mwaka ule haukuwa uongo. Sekunde 13 zilikuwa kweli, saa haikukosea. Ubaya wake ni kwamba niliitoa bila kusema ilizaliwa katika maji gani, nikaiacha isimame peke yake mbele ya mtu aliyekuwa na ushahidi mgongoni lakini hakuwa na maneno ya darasani. Yule mwamuzi wa kijijini, asiyejua boya lilikuwa wapi, hakumdhuru mtu. Mimi niliyepima kwa kamba ndiye niliyeandika "mbishi".

Yule kijana sasa ni mzee wa miaka 70. Alifundisha, akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akastaafu, na anaishi mkoa mwingine wa pwani. Tuliwahi kuonana mara mbili katika misiba, akanipa shikamoo kwa adabu, nami sikuligusa jambo lile. Baada ya kumaliza hesabu niliinakili yote katika karatasi mbili za daftari, kwa mwandiko wa ubaoni, nikachora hori, gati na mti, nikaandika chini yake kwamba alikuwa sahihi na mimi nilikosea, na kwamba maneno niliyoyaandika katika ripoti yake hayakustahili. Nikatuma kwa basi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Alinishukuru, akaniulizia afya yangu na ya mama watoto, akasema karatasi amewasomea wajukuu na wamezielewa. Kisha, mwishoni, akaandika: "Ila Mwalimu, naona hukuutia upepo. Ulikuwa mwezi wa Juni, kusi. Asubuhi wenzetu walipoondoka ulikuwa bado haujaamka. Saa saba ulikuwa umeshasimama, na wakati wa kurudi ulitujia usoni."

Nimelitafuta daftari langu la zamani nione kama niliandika habari za upepo siku ile. Sikuandika.